Mwinjuma Mbonde, Fundi Aliyeunda Roboti ya Kumletea Mkewe Maji ya Udhu

Ndugu, jamaa na majirani, assalamu alaykum. Familia imenipa mimi Twalibu, shemeji yake marehemu, kazi hii ya kusoma, naye angecheka, maana alizoea kusema nikishika karatasi tu watu husinzia.

Marehemu Mwinjuma Saidy Mbonde alizaliwa Nyamisati tarehe 14 Machi 1964, akasoma madrasa na shule ya msingi hukohuko, akamaliza darasa la saba mwaka 1979, akaenda Dar es Salaam kujifunza ufundi redio, na mwaka 1986 akafungua kibanda hapa Kibiti, ambako redio, pasi na feni zenu zilipita mikononi mwake, nyingine zikarudi skrubu zimebaki mezani, lakini zikafanya kazi.

Tarehe 7 Julai 1990 alimwoa dada yetu Subira Khamisi wa Mahege, wakajaliwa Ukasha, Salama na Mwanamina, wakaishi kwa mapenzi na utani mwingi hadi Agosti 2018, kiharusi kilipomwondolea dada nguvu za miguu. Bi Subira alimwambia mumewe kwamba njaa anaivumilia, linalomuuma ni kusikia adhana akiwa peke yake, maji yako uani, na sala inampita akimsubiri wa kumletea, nasi tuliomkumbusha habari ya tayamamu, udhu wa mchanga, tulijibiwa kwamba pipa limejaa, tusimletee mchanga.

Hapo marehemu akaanza kuunda roboti, kwa mota za waipa za gari, betri ya pikipiki na magurudumu ya baiskeli ya mtoto, iweze kufagia, kupepea jiko, kubeba sinia, na zaidi ya yote kuleta birika, watu wakasema fundi kapagawa. Mwaka 2021 ilitembea kweli, ikafika kitandani, ikanyoosha mkono, na dada akakunja wake, kwa kuwa marehemu alikuwa mashoto na mkono wa roboti wenye nguvu aliuweka kushoto kama wake; Bi Subira akasema nyumbani mwake hapokei kitu cha kushoto, hata kikitoka kwa bati. Lo, tulicheka! Marehemu hakununa, akaifumua, akaiunda upya karibu mwaka mzima, na siku ilipomletea birika kwa mkono wa kulia dada alitawadha, akasali kwa wakati, akalia kwa furaha.

Novemba mwaka jana figo zilimlaza marehemu hospitali, na hofu yake haikuwa kifo, bali nani ataitengeneza roboti ikiharibika, akamfundisha Mwanamina kitandani hapohapo, akimgombeza kila akilia. Alifariki jana, tarehe 9 Februari 2025, mchana.

Jana hiyohiyo, magharibi ikiadhiniwa, roboti ilikwama mlangoni, wanawake wakainuka kuleta maji, dada akawazuia kwa mkono, na Mwanamina, machozi yakimtiririka, akaifungua kwa bisibisi ya baba yake, akakaza, ikaenda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Bi Salima aliyempikia dada siku zote za hospitali, na mafundi wa stendi waliotoa mota zao bure, Mwenyezi Mungu awalipe kheri, nasi sote ni wake na kwake tutarejea.

Pumzika, shemeji. Subira alipata maji, na magharibi haikumpita.