Swali la Mayi Mtambalika

Mayi Enelesi Mtambalika anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha utafiti hapa Zomba. Alianza kama mpiga chapa, akawa mhojaji, na anaondoka akiwa mtafiti mkuu wa masuala ya wanawake wanaopigwa majumbani. Uongozi umeniomba niandike maneno mafupi ya kufurahisha kwenye ratiba hii ya sherehe ya kumuaga. Mafupi yatakuwa.

Ya kufurahisha yapo. Mayi, kama tunavyomwita mama kwetu, hajawahi kumhoji mtu akiwa ameketi kitini. Hutandika kitenge chini, akavuta ungo wa mbaazi na kumenya pamoja na mwenyeji wake, na karatasi haitoki mkobani mpaka ungo ufike nusu. Mkobani hubeba kalamu tatu: moja ya kuandikia, mbili za kuazimwa na wenyeviti wa vijiji. Dereva wetu, Bwana Chipojola, hudai amemsubiri Mayi saa nyingi kuliko alizomsubiri mkewe enzi za uchumba.

Sasa yasiyofurahisha.

Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba hujengwa kwenye ardhi ya mama yake mke, na mwanamume huja na mkeka wake na shoka lake. Wakigombana, shauri hupelekwa kwa washenga, yaani wajomba wa pande zote mbili, ambao kazi yao haiishi siku ya harusi. Wajomba hukaa kikao, mkosaji hutoa kuku, kuku huliwa, na shauri limekwisha. Kulifufua ni kuwavunjia wajomba heshima.

Nasi watafiti, watoto wa vijiji hivyo hivyo, tuliuliza kwenye fomu yetu: je, shauri lilimalizwa? Wanawake tisa kati ya kumi walijibu ndiyo. Kwa miaka kumi na mmoja tuliandika ripoti zenye majalada mazuri tukisifu jinsi wajomba wanavyoweza kazi. Chati nilizichora mimi. Naona aibu mpaka leo.

Ligineti Saiti, mkulima wa upande wa Jali, alihesabiwa katika ripoti tatu kuwa shauri lake limemalizwa. Mara ya nne Mayi alimkuta kwa dada yake, mkono mmoja umefungwa vipande vya mbao, akimenya mbaazi kwa ule mwingine. Mayi akamuuliza swali letu lile lile.

"Lilimalizwa, mayi, kuku tulimla," Ligineti akasema. "Tulipofika nyumbani akanipiga tena, eti nimemwaibisha kwa wajomba. Sasa yeye yuko kule anakula mahindi yangu, mie ndo hivi mnavyoniona."

Kule anakosema ni kwenye nyumba ya mama yake Ligineti. Mwenye nyumba amekimbia, mhamiaji amebaki, na kwenye karatasi zetu mambo yalikuwa shwari.

Mayi alirudi ofisini. Akalifuta lile swali kwenye fomu, akaandika jingine: baada ya kikao, nani alihama? Kisha akawarudia wanawake wote 214 tuliowaandika kuwa mashauri yao yamemalizwa. Alinyimwa gari, akaenda kwa baiskeli za abiria, miezi kumi na minne. Wanawake 131 walikuwa wamezikimbia nyumba zao wenyewe. Wanaume waliofungashwa virago walikuwa tisa.

Mkuu wa kitengo wa wakati huo alimwonya kwamba ripoti ya zamani imeshawafikia wafadhili, na kwamba atatuletea fedheha. Mayi alimjibu kwa ule upole wake unaotisha: "Bwana, fedheha imeshafika. Mimi nimeileta na namba zake tu."

Namba hizo alizipeleka kwa wajomba wenyewe, akakaa chini mbele yao, akazisoma bila kutaja jina la mtu. Mjomba wa Ligineti, mzee Wyson, alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe sisi tunakula kuku," akasema, "watoto wetu wanalala kwa watu."

Vijiji sita vilikubaliana kwamba aliyepiga ndiye atakayebeba mkeka wake, siku hiyo hiyo, kabla ya kikao. Kituo cha afya kilitoa chumba ambamo mwanamke anatibiwa na kuandikiwa karatasi ya polisi bila kuulizwa mumewe anasemaje. Tulipopima tena baada ya miaka mitatu, wanaopigwa mara ya pili walikuwa wamepungua kwa nusu. Ligineti yuko kwake, analima, na siku hizi ni mhojaji wetu.

Mwezi ujao uongozi unaanza kutumia fomu mpya. Swali la Mayi limeondolewa, la zamani limerudishwa, kwa sababu majibu yake ni rahisi kujumlisha. Nafasi ya Mayi haitajazwa. Nimeambiwa kwamba ratiba ya sherehe si mahali pa kusema hayo, lakini kwenye kikao nilikotaka kuyasema uongozi haukunipa kiti. Mtu anapewa keki na saa ya ukutani, na wiki hiyo hiyo kazi yake inatupwa jalalani. Haya ni matusi, na wanaotukanwa zaidi ni wanawake wa Jali.

Basi mjue. Fomu hizo mpya, mia tatu, zilifika Jumanne kutoka kwa mchapaji. Mayi, Ligineti, Bwana Chipojola na mimi tulijifungia chumba cha chai tukaliandika lile swali kwa mkono chini ya kila fomu, kwa zile kalamu tatu na ya dereva. Uongozi unalisoma hili leo pamoja nanyi. Jumatatu Ligineti anaondoka na fomu hizo kwenda vijijini.

Asante, Mayi, kwa kutufundisha kuona aibu na kisha kufanya kazi. Nenda kwako Thondwe ukapumzike. Tunakutakia siku tulivu na mbaazi tele, ingawa tunakujua: asubuhi yoyote ukimwona mwanamke anapita na kifurushi kichwani na mtoto mgongoni, utamsimamisha, utamtandikia kitenge, na utamuuliza nani amebaki nyumbani.