Protus Andati na Peugeot Yake Iliyongoja Nairobi

Imeandikwa na mkewe, Philomena Khalayi. Isecheno, Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025.

Tunayemsindikiza leo ni Protus Andati, dereva. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 hapa Isecheno, kando ya msitu, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Wanjala na marehemu mama Rosa. Wawili waliomtangulia walikuwa wasichana, kwa hivyo mamake alimbeba mgongoni mpaka akawa mzito na watu wakacheka. Hiyo alisimulianga mwenyewe, bila haya.

Alianza shule ya misheni mwaka 1954 na akamaliza darasa la nane mwaka 1962. Hesabu alijua, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Karo ya kuendelea haikupatikana. Kwa mazishi watu huandika kwamba marehemu alipenda masomo. Huyu alipenda lori la msitu. Lilipita mbele ya shule kila siku saa nne, na yeye alikuwa amechagua kiti cha upande huo.

Mwaka 1964 alichukuliwa kuwa utingo wa lori hilo hilo. Mwaka 1967 alipata leseni, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa dereva wa serikali mjini Kakamega, mpaka akastaafu mwaka 2001. Hakuwahi kugonga mtu. Aligonga ng'ombe mmoja, mwaka 1983, pale Shianda, na ng'ombe akainuka akaenda zake. Kazi yake aliifanya kwa utaratibu mmoja: gari ikienda kutengenezwa, inatengenezwa yote. Hakubadilishanga oili leo na breki wiki ijayo. Alisema hiyo ni kuvaa kiatu kimoja.

Mwaka 1971 alikuja Butali na wajomba zake kumposa Philomena. Mzee wa boma alimuuliza ana nini. Hakutaja shamba wala ng'ombe. Alisema ana leseni. Wajomba waliinamisha vichwa, lakini msichana alikuwa anasikiliza jikoni na alikuwa ameshaamua. Ndoa yao ilibarikiwa kanisani tarehe 18 Desemba 1982, na safari hiyo alimbeba bibi arusi kwa gari yake mwenyewe.

Gari hiyo ni Peugeot 404, rangi ya maziwa, ya mwaka 1968. Aliinunua mwaka 1979 kutoka kwa daktari aliyekuwa anahamia mbali. Huku kwetu hakukuwa na gari ingine ya kupeleka mama mjamzito hospitali. Watoto watatu walizaliwa kiti cha nyuma, na mmoja wao ameketi hapa leo na ana ndevu. Hakuna aliyewahi kuiendesha isipokuwa Protus. Hata mwana wetu wa kwanza, George, alijifunza kwa gari za watu.

Ilisimama mwaka 2012. Mwezi wa Februari mwaka 2022 Protus akasema ataitengeneza, na ataitengeneza kwa wataalamu wa gari za zamani Nairobi. Mkewe alimwambia kuna Osman, rafiki yake wa Mumias, fundi wa miaka arobaini. Akakataa.

"Osman anatengeneza gari itembee," alisema. "Mimi nataka irudi vile ilikuwa."

Hapo ndipo alifanya kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu mwenye utaratibu. Angetuma kitu kimoja kimoja, gari ingebaki na vingine. Yeye alifungua vyote siku moja: bampa zote mbili, grili ya mbele, rediata, kabureta, saa za dashibodi. Akaandika jina lake kwa kila kimoja, akavifunga kwa blanketi za mkewe, akavipeleka Nairobi. Gari ikabaki juu ya mawe kama mtu aliyetolewa meno.

Waliambiwa miezi mitatu. Bei ya kwanza ilikuwa elfu themanini, na ng'ombe mmoja akaenda. Halafu ikawa laki moja na ishirini, kwa sababu kromu ya kung'arisha bampa inapakwa juu ya nikeli, na nikeli inapakwa juu ya shaba, na kila moja ina bei yake. Miwa ya mwaka huo ikaenda. Halafu dawa ya kuloweka vyuma ilikuwa bado iko melini. Halafu mtu wa kunyoosha grili alikuwa amefiwa. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi Protus alivaa koti, akaketi sebuleni, akapiga simu. Alisema mtu hawezi kuulizia mali yake akiwa na fulana. Mwenye gereji, kijana anayeitwa Eugene, alimjibu kwa heshima kila mara, na kila mara akasema wiki ijayo. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Mwezi wa Novemba 2024 Protus alianza kushindwa kula. Ilikuwa saratani ya tumbo. Alivumilia matibabu ya Kakamega na ya Eldoret, na hakuwahi kumsemea vibaya muuguzi hata mmoja. Mwezi wa Mei mwaka huu daktari alituketisha, akasema tusihesabu mwaka. Protus hakuuliza habari ya dawa.

"Daktari," aliuliza, "kuendesha nitaweza mpaka lini?"

Daktari alimwambia labda mpaka Agosti.

Tarehe 8 Juni mkewe alipanda basi kwenda Nairobi. Hakuwa amefika huko tangu mwaka 1994. George alimwambia wacha nipige simu, mama. Akaambiwa simu imepigwa miaka mitatu, sasa mtu ataenda kuketi. Alilala kwa George, na Shiro, mke wa George, alimchemshia mahindi ya kubeba. Jumatatu asubuhi akaketi juu ya kreti mlangoni mwa gereji ya Eugene, katikati ya magari ya matajiri.

Eugene alimwambia, kama anayeongea na nyanya yake, "Shosho, nenda nyumbani upumzike, tutakupigia."

"Mimi si shosho wako. Mimi ni mke wa mwenye bampa."

Akaketi Jumatatu, akaketi Jumanne. Matajiri walipouliza yule mama ni nani, aliwajibu mwenyewe, na akawaonyesha blanketi zake chini ya meza, bado zimefungwa. Mafundi walianza kumletea chai. Jumatano Eugene alivuta kreti ingine, akaketi karibu naye, akaangalia viatu vyake.

"Mama, kuna kitu kidogo cha kabureta kilipotea hapa kwangu. Jeti, ya kupitisha petroli. Ni kama punje ya mchele."

"Kilipotea lini?"

"Mwaka juzi."

"Na ukatuambia ni dola imepanda."

"Dola pia ilipanda, mama."

Alikuwa ametafuta hiyo jeti mpaka Kampala. Aliona aibu kumwambia mzee anayeongea vizuri hivyo kwamba amepoteza kitu chake, kwa hivyo akawa anasema wiki ijayo. Mkewe Protus hakumtukana. Alimwambia mgonjwa hana wiki ijayo, na akamwambia afunge kila kitu vile kilivyo. Eugene alirudisha pesa za kazi ambayo hakuwa amefanya, akabeba mizigo mpaka basini mwenyewe. Bampa ya mbele ilikuwa imeng'aa kama kioo, unaweza kuvalia kilemba mbele yake. Ya nyuma ilikuwa na kutu yake yote.

Osman aliitwa kutoka Mumias. Alitoa salaam, akazunguka gari mara mbili, akasikiliza habari ya jeti, akacheka mpaka akashika mti. Marehemu kakake aliacha pikapu ya 404, yenye kabureta kama hiyo, nyuma ya nyumba, na kuku wanatagia ndani.

"Baba George, umepeleka pesa Nairobi kutafuta kitu ambacho kuku wangu wanakilalia."

Protus alikuwa amelala kwa kiti cha kamba chini ya blanketi. Alijibu, "Basi waombe kuku radhi, ukilete." Osman alikileta. Alifanya kazi wiki saba na hakukubali malipo isipokuwa ingokho moja, kuku wa nyumbani, ambayo alichinja mwenyewe.

Jumamosi tarehe 9 Agosti, saa tatu asubuhi, gari iliwaka. Protus alivaa koti. Alisema anaenda Butali, alikomtoa mkewe. George alikuwa amekuja na alitaka kuendesha, akaambiwa aketi nyuma. Protus aliendesha mwenyewe mpaka Shinyalu, akapita mjini Kakamega, watu wakasimama kando ya barabara, naye hakugeuza kichwa. Mikono yake ilikuwa imekonda lakini gia aliingiza bila kelele. Alipofika Malava alitoka barabarani polepole, akazima injini. Tulidhani amezidiwa.

Alishuka, akashika mwili wa gari kwa mkono, akazunguka mpaka upande wa pili. Akampa George ufunguo.

"Sasa endesha wewe," alisema. "Miaka hamsini na nane nimeangalia barabara tu. Wacha nione miwa."

Mkewe alihamia nyuma. Protus aliketi mbele, kioo kimeshushwa, na kutoka Malava mpaka Butali alituonyesha kila kitu kama mtoto: hii miwa imekomaa, hii imechelewa kukatwa, ile nyumba ni mpya, huyo mama amebeba mzigo mzito sana. Hakumwambia George hata neno moja juu ya gia.

Protus Andati alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka 79.

Ameacha mkewe Philomena Khalayi. Watoto wake George, Rosa, Beatrice na Andati mdogo. Mkwe wake Shiro na wakwe wengine. Wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Dada yake mmoja, Selina. Na rafiki yake Osman. Gari ameiacha kwa George, na hilo alilisema mbele ya watu.

Mungu ampokee dereva wake. Apumzike sasa, hakuna mtu anayemharakisha.