Mfuko wa Mheshimiwa na Kiapo cha Mzee Futi

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto, aliye na mkwe sebuleni amwombe radhi. Dakika hizi ni za Mzee Futi, fundi cherehani. Ametutoka Jumanne iliyopita, miaka sabini na sita, futi kamba shingoni. Narudia: futi kamba shingoni. Binti yake anasema wauguzi walipotaka kumvua, alifoka, "Acheni! Hiyo ndiyo tai yangu!"

Mzee Futi alianzia kiwanda cha sare. Cherehani yake ilitazamana na ya mkewe. "Ndivyo tulivyopendana," mjane wake aliniambia. "Hapakuwa na kingine cha kutazama."

Sasa tegeni sikio. Kiwandani kulikuwa na choo kimoja. Kina kufuli. Ufunguo ulikuwa kiunoni kwa msimamizi. Ukibanwa, unanyoosha mkono. Akikuona, bahati yako. Asipokuona, shauri yako. Watu wazima wenye wajukuu, jamani, wananyoosha mkono waende chooni!

Mngesema si waunde chama cha wafanyakazi? Thubutu! Sheria ya wakati ule ilitaka mwajiri akubali kwanza. Kuku aombe ruhusa kwa mwewe. Mzee Futi akakusanya saini ishirini za kudai chama. Saini ya ishirini na moja aliiweka kwenye barua ya kufukuzwa kazi.

Akahamishia ushonaji nyumbani kwake. Mkewe akabaki kiwandani zamu ya mchana, mimba ya miezi saba, bado ananyoosha mkono. Hapo mimi huwa sicheki.

Basi akaja mteja. Mbunge mzima, Mheshimiwa mwenye kitambi na sauti nzito, anataka suti. Muswada wa kuwapa wafanyakazi uhuru wa kuunda vyama ulikuwa unakwenda bungeni, na yeye ndiye aliyepangwa kuupinga. Akiupinga yeye, wenzake ishirini wanapinga naye. Na hotuba anayo, imeshapigwa chapa.

Wasikilizaji wapendwa, mtu aliyejaa pini mwilini hana ubishi. Wiki tatu Mzee Futi alimpima, akampima tena. "Inua mikono, Mheshimiwa. Sasa, ule ufunguo wa choo..." Mheshimiwa akifungua mdomo ajibu, fundi anamkatiza: "Usivute pumzi, kifua kitapinda!" Wiki tatu. Ufunguo, kufuli, mke mjamzito. Mheshimiwa anatoka pale kachomwa kila mahali, na msimamo wake uko vilevile.

Asubuhi ya bunge akaja kuchukua suti. Akaivaa, akatia hotuba mfuko wa ndani, akajitazama kiooni. Lo, kifungo kimoja kinalegea! Koti likavuliwa, likapelekwa chumba cha pili kukazwa. Mheshimiwa akanywa chai. Koti likarudi. Akavaa, akaondoka.

Bungeni akaitwa. Akasimama, akatia mkono mfukoni. Mkono haukuingia. Akasukuma. Akavuta. Mfuko umeshonwa! Spika anasema, "Mheshimiwa, muda wako unakwenda." Jasho linamtiririka. Bila karatasi yule bwana hakuwa na neno hata moja kichwani, isipokuwa yale ya wiki tatu. Akajikuta anasema: "Mheshimiwa Spika, kuna kiwanda, kuna choo, na ufunguo uko kiunoni kwa mtu..."

Mkanda wa siku hiyo tulikuwa nao hapa redioni. Panya waliula. Lakini waliokuwepo wanasema wabunge walicheka kwanza, kisha wakapiga meza. Alipokaa, hakuwa na njia ya kurudi nyuma. Muswada ukapita kwa tofauti ya kura nne. Kufuli likang'olewa mwezi uleule, na binti akazaliwa.

Mheshimiwa akamjia juu fundi: "Umenishona!" Mzee Futi akaapa, "Wallahi sikushona!" Nani amwamini? Wafanyakazi wakamchagua mwenyekiti wa chama chao cha kwanza. Miaka arobaini kila mkutano wanampigia makofi, "Mshona mfuko!" na kila mkutano anasimama kwa hasira: "Sikushona mimi!" Hata mimi nilimwambia, mzee, kiri tu yaishe. Akaninunia mwaka mzima.

Jumamosi kwenye maziko Mheshimiwa alikuja, mkongojo mkono mmoja, koti mkono wa pili. Mfuko bado umeshonwa. "Sikuwahi kuufungua," alisema. "Naona aibu ya kilichomo."

Mjane akaliomba koti. Akavaa miwani. Akageuza bitana, akapitisha kidole kwenye ule mshono, taratibu.

"Mume wangu hakuwahi kushona kwa mkono vizuri hivi," akasema. "Huu ni wangu."

Msiba mzima uliangua kicheko, na binti yake akalia papo hapo. "Mama! Miaka yote hiyo hukumwambia?"

"Mwanzoni niliogopa, nilikuwa bado kazini. Baadaye, mwanangu, nilipenda anavyobisha."

Kwa mjane, kwa binti, kwa wote wa chama: poleni sana, Mungu awape subira. Nawe msikilizaji, kesho kazini ukienda chooni bila kunyoosha mkono, jiulize nani alikufungulia mlango ule, na kama ulimshukuru mtu sahihi.

Na wewe, Mzee Futi, naomba radhi hapa hapa hewani. Ulituambia hukushona. Kweli, hukushona.