Nadhiri ya Watu wa Juu ya Paa

Benchi la bawabu Bishari lina miguu mitatu na tofali. Limewekwa mlangoni pa jengo letu, mtaa wa Sayyida Zainab, hapa Kairo, na kwa kuwa Bishari ndiye anayelifuta vumbi, anadhani ni lake. Sisi tunaolikalia kila asubuhi tunamwacha adhani hivyo. Pembeni, upande wa tofali, hukaa Zaglul, aliyekuwa karani wa reli mpaka reli ikamchoka. Tunamwita Stesheni. Upande wa pili ni Hilmi mpiga pasi, jina lake Mvuke, ambaye duka lake linatutazama kutoka ng'ambo ya barabara, naye hulichungulia mara mojamoja kuhakikisha kazi bado inamsubiri. Katikati nakaa mimi, bibi yenu Inshirah, kwa sababu katikati hapaanguki. Wananiita Wembe. Asubuhi hiyo tulikuwa na mtu wa ziada, Hajati Tafida, mwenye jiko la chini ya ngazi, linalolisha mtaa bila kumwuliza mtu ana nini mfukoni. Yeye si mtu wa benchi. Saa hizo huwa yumo ndani ya moshi. Lakini gari jeupe lilikuwa limesimama mlangoni, wageni watatu wenye viatu vya kung'aa wamepanda kwa miguu mpaka juu ya paa, maana lifti yetu ni marehemu, na Hajati alikuwa amekaa, mikono mapajani, akitazama juu kama anayeungoja mwezi wa Ramadhani.

Juu ya paa, ubavuni mwa banda la njiwa, kuna chumba cha Nihal na wenzake wawili. Wana kampuni. Ukikosa dawa yako unauliza kwenye simu, inakwambia duka gani limebaki nayo. Mimi ya presha niliipata mtaa wa Shubra kwa njia hiyo, kwa hiyo siwacheki sana. Siku hizi kampuni changa za mjini zina mtindo: hazijapata kitu, tayari zinawaahidi watu wa mtaa fungu. Nihal naye alishuka siku moja, akasimama mbele ya benchi hili, akasema siku watakayofanikiwa, kampuni ikanunuliwa, sehemu moja katika mia itakuwa ya jiko la Hajati. Tulipiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka. Na jiko lenyewe lina shida, maana mwenye chumba anamwoza mwanawe, anakitaka chumba chake mwezi ukiisha.

Wale wa viatu vya kung'aa ndio wanunuzi.

— Wanachelewa, alisema Hajati.

— Kuchelewa ni kuzuri, alisema Stesheni. Treni ikichelewa ujue imejaa watu.

— Au imefia njiani, nikasema mimi.

— Wembe, leo usitukate. Leo tuachie hata nusu saa.

Bishari akashuka ngazi na sinia tupu, akahema, akainama kwenye jiko lake dogo la spiriti akaanza kutupikia kahawa.

— Wamekunywa? aliuliza Hajati.

— Wamekunywa. Wanaongea kwa upole sana. Yule binti lakini kakonda, masikini. Shingo imebaki kama ya kuku.

— Kakondeshwa na nani? nikamwuliza. Si wewe?

— Mimi tena?

— Wewe na fatwa zako.

Niseme ilivyokuwa. Zamani Nihal na wenzake walishuka kila adhuhuri na sahani zao, wakapakuliwa kama watu wengine. Kampuni yao ilikuwa inaishi kwa dengu za Hajati, hakuna asiyejua. Ile siku ya ahadi, vigelegele havijaisha, Bishari akainua kidole akasema hiyo sasa ni nadhiri, na tangu siku hiyo Hajati hakuwapakulia tena.

— Mimi nimesema la haki, Bishari alisema, huku akikoroga. Mtu akinadhiria mbuzi, akamchinja, anamla mwenyewe? Hamli. Anawapa watu. Hawa wamelinadhiria jiko, basi cha jiko hawali.

— Mbuzi yuko wapi hapo? Hata kwato hatujaziona.

— Nadhiri huanzia ulimini, Bi Inshirah.

— Na njaa huanzia wapi?

— Wembe, alisema Hajati, usinitie dhambini. Unafikiri mimi napenda? Binti ananipita ngazini na kipande cha mkate, nageuza uso. Lakini niwapakulie, nadhiri iharibike, chumba kiende, nitamlilia nani? Wewe?

— Mimi usinililie. Nakuona uko radhi watu wafe na njaa ili waje kukujengea jiko, nakushangaa tu.

Akaninunia. Hilmi, ambaye hapendi watu wakigombana kabla ya kahawa, akatia neno:

— Hebu niambieni kitu. Hiyo sehemu moja ya mia, ukiitazama kwa macho, ni kubwa kiasi gani?

— Rahisi, alisema Stesheni, akajiweka sawa, tofali likalia. Chukua treni ya mabehewa mia. Umeiona?

— Naiona.

— Behewa moja la Hajati.

— La daraja gani?

— Hiyo inategemea wanunuzi.

— Liwe lenye mlango, alisema Hajati polepole. Mnaujua mlango wangu wa sasa. Ni pazia. Nataka mlango wa kufunga, ufunguo niwe nao mwenyewe.

Hapo ndipo walipoondoka. Walikuwa wamekaa palepale, vikombe mikononi, lakini wameondoka. Nilimwona Stesheni akiondoka kwanza, macho yakimlegea kama ya mtu aliyelala dirishani.

— Kwa nini kulishusha behewa? alisema. Libaki relini. Jiko la kutembea. Linatoka hapa Kairo alfajiri, dengu zinachemka mpaka Beni Suef, zikifika Minya zimeiva. Watu wako stesheni na sahani. Wanapakuliwa dirishani, filimbi inapigwa, zinaanza kupikwa za Asyut.

— Vitunguu je? aliuliza Hajati. Vitunguu sivikaangi kwenye kitu kinachotikisika.

— Utakaanga stesheni. Nitamwambia dereva akungoje.

— Atamngoja? nikauliza mimi.

— Mama, mimi nimekaa reli maisha yangu yote. Treni ya vitunguu itangojewa.

— Wewe unawaza kidogo, Stesheni, alisema Hilmi. Unabeba chakula kama mizigo. Mimi najua mvuke. Mvuke unakwenda wenyewe. Utengeneze sufuria moja, kubwa, ya kupandia ngazi, uiweke pale uwanjani mbele ya msikiti. Halafu mabomba. Kila nyumba bomba lake, kama la maji. Bibi kizee wa ghorofa ya tano, kama huyu hapa—

— Mimi nakaa ya pili, nikasema.

— Bibi kizee wa ghorofa ya pili anafungua, inatoka supu ya dengu. Anafunga. Hana haja ya kushuka.

— Na ndimu?

— Ndimu ni bomba jingine.

— Na usiku mabomba yakipoa?

— Hayapoi. Mji mzima utakuwa na joto. Hata kipupwe watu hawatavaa sweta. Utapita uchochoroni usiku, uweke mkono ukutani, ukute ukuta una joto kama ubavu wa ng'ombe. Utajua humo dengu zinapita.

Nilitaka kumkata, ulimi ulishajikunja, lakini niliuona ule ukuta. Magoti yangu Januari yanajua maana ya ukuta wenye joto. Nikanywa kahawa yangu.

Bishari alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko lake, mdila wa kahawa mkononi. Mwisho akauliza, bila kumtazama mtu:

— Stesheni, hiyo treni yako ikishapita Aswan, inaendelea?

— Inaendelea.

— Mpaka kwetu?

Kwa kina Bishari kulizama lilipojengwa bwawa la Aswan, naye akiwa mdogo. Nyumba, mitende, makaburi, vyote viko chini ya ziwa.

— Bishari, ndugu yangu, alisema Stesheni. Kwenu ni majini.

— Najua ni majini. Nauliza treni.

Stesheni akafikiri. Kwa reli hana mzaha.

— Itashuka, alisema. Polepole. Taa zitawashwa. Samaki watasogea pembeni.

— Mlango wetu ulikuwa wa buluu, umechorwa mamba juu yake. Mwambie dereva atauona.

— Nitamwambia.

— Na Hajati apunguze chumvi. Bibi yangu hakuwa anapenda chumvi.

— Nitapunguza, alisema Hajati, na alikuwa amefumba macho.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Njiwa wa juu ya paa waliachiwa, wakazunguka, kivuli chao kikatupita usoni, kikarudi, kikapita tena. Watu wa mtaa walitusalimu, hatukuwaitikia sawasawa. Mimi nami nikaingia. Sikuomba treni wala mabomba. Niliomba kiti chenye mgongo, jikoni kwa Hajati, karibu na mlango wake mpya, mahali ambapo ningekaa kumwambia kila siku kwamba amezidisha kamuni. Nilikuwa nimeshakikalia, nimeshaegemea, ikaadhiniwa adhuhuri. Niliisikia kwa mbali kama inaadhiniwa mji mwingine.

— Sukari imekwisha, alisema Bishari. Na huu ndio mdila wa mwisho, buni nayo imekwisha.

— Mimi isiyo na sukari sinywi leo, alisema Hilmi. Hiyo ni kahawa ya matangani. Wageni wako juu, unataka kutuletea nuksi?

Ndipo akatokea mtu. Mwanamume wa makamo, koti la suti lililopigwa pasi na mkono usiojua pasi, mkononi kindoo cha plastiki cha mtindi kilichooshwa vizuri. Hatukuwa tunamjua. Alisimama mbali kidogo na benchi, kama mtu anayetaka ionekane anapita tu.

— Samahanini wazee wangu. Nimehamia hapo nyuma juzi. Nimeambiwa hapa kuna jiko la Hajati Tafida.

— Ndipo hapa, baba, alisema Stesheni. Umefika. Jiko kubwa linakuja.

— Inshallah, alisema yule mtu. Na leo mmepika nini?

Stesheni alimtazama Hilmi. Hilmi akamtazama Hajati. Hajati akafumbua macho, akageuka kulitazama pazia la jiko lake kama mtu aliyeamshwa ugenini. Nyuma ya pazia hakukuwa na moshi, wala harufu, wala mlio wa kifuniko. Na nyuma ya yule mtu walikuwa wameshaanza kuja wengine, mjane wa fundi saa na sufuria yake, wale ndugu wawili wa sokoni, watu wa kila siku.



— Inukeni, nikasema mimi. Bishari, hilo benchi liwe meza. Hilmi, lete visu vyako na vya jirani. Hajati, una nini ndani?

— Mchele, alisema. Dengu nyeusi. Makaroni ya jana.

— Basi ni kushari. Vitunguu viko wapi?

Kushari haingoji mtu aloweke kitu, ndiyo heri yake, lakini vitunguu vyake vya juu ni vingi mno na lazima vikatwe vyembamba. Tulimwaga gunia zima juu ya benchi. Yule mgeni akaweka kindoo chini, akavua koti, akachukua kisu. Hakuna aliyemwomba. Punde tukawa tumeinama sote, macho mekundu, machozi yanatiririka mpaka kidevuni, Stesheni anavuta kamasi kwa sauti ya kichwa cha treni.

— Hajati, alisema Hilmi akilia. Chumba kikichukuliwa, kuna ile meza yangu ya pasi. Watu huleta nguo jioni. Asubuhi haina kazi.

— Ukiikatia vitunguu mashati yatanuka.

— Yatanuka.

— Wenye mashati watasema nini?

— Kwani mtaa huu nani hanuki vitunguu?

Hajati alimsogezea vile vikubwa, ambavyo ni rahisi kumenya.

Wageni wakashuka. Walitupita wakitabasamu, mmoja kajiziba pua na kitambaa, wakaingia kwenye gari jeupe, likaondoka. Baada yao akashuka Nihal, peke yake. Alifika kwenye ngazi ya mwisho, akatuona: wazee watano na mtu asiyemjua, wote wanalia. Akajishika ukutani.

— Nani kawaambia? akauliza.

Visu vikasimama.

— Hakuna aliyetwambia, nikasema. Hivi ni vitunguu. Haya, tuambie wewe.

— Hawakukataa, bibi. Wamesema wataenda kufikiri.

— Walisifu?

— Walisifu sana. Kazi yetu, mpango wetu. Wamesifu hata njiwa.

— Basi hawanunui. Anayetaka kununua nyanya huzitoboa kwa kidole, aseme zimeoza. Kaa chini.

Akakaa kwenye ukingo wa ngazi. Shingo kweli ilikuwa kama ya kuku. Hajati alifuta mikono kwenye aproni, akamsogelea.

— Kwa hiyo hamjauza.

— Hatujauza, Hajati. Nisamehe. Chumba chako—

— Chumba nakijua mwenyewe. Bishari, njoo hapa. Hawajauza, hawajapata. Nadhiri imewashika, haijawashika?

Bishari akakuna kichwa kwa mpini wa kisu. Alinitazama. Nilimtazama vizuri.

— Haijawashika, akasema.

— Sahani zenu ziko wapi?

— Juu, alisema Nihal.

— Kazilete. Waite na wenzako, waje na visu.

Ilipoiva, foleni ya watu ilikuwa imefika mpaka duka la Hilmi. Yule wa koti alipakuliwa wa kwanza, kindoo kikajaa, akakaa kula palepale kwenye benchi, upande wa tofali. Nihal alipewa sahani yenye kilima, vitunguu vya kukaanga kileleni. Akala vijiko viwili vitatu, rangi ikamrudi, na kwa kuwa ni kijana, rangi ikirudi na maneno yanarudi.

— Tutatafuta wengine, akasema, mdomo umejaa. Mwezi ujao wapo wa Aleksandria. Na nawaambia mbele ya watu wote hawa, siku tukifanikiwa, sehemu moja ya—

Hajati alimwahi kwa upawa, nami nikamshika mkono wa kijiko.

— Nyamaza, nikamwambia. Maliza kula kwanza.