Nyumba Niliyowaachia Buibui

Tumsifu Yesu Kristo. Mwenyekiti amesema niongee nikiwa nimekaa, na mimi sikubishana naye, maana goti hili la kushoto halitaki tena mambo ya kusimama. Vijana mlioko nyuma, shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba. Sogeeni karibu, sauti yangu si ile ya zamani.

Ndugu zangu, kwenye jumuiya yetu hii wengine wameeleza habari za pombe, wengine za ndoa. Mimi nimekuja kueleza habari ya buibui. Chekeni sasa hivi mmalize, halafu mnisikilize. Wewe uliyekaa pembeni ya mkeka, nakuona. Wewe ndiye uliyenirushia jani kavu mgongoni siku ya mavuno ukasema ni buibui, nikakimbia nikaacha ungo wa mpunga umemwagika. Nilishakusamehe. Jina lako silitaji, ingawa mnanijua, mimi majina hayanipotei.

Lakini nawaambia, kwa woga huo nilibakiza kidogo nipoteze nyumba yangu ya Michenga, pamoja na makaburi mawili yaliyo ubavuni mwake. Ndiyo maana nimekubali kuongea.

Mtoto wangu wa kwanza aliitwa Kresensia. Wengi wenu hamkumwona. Mnaniita Mama Kresensia kwa mazoea tu, mtu hakumbuki tena kwamba hilo lilikuwa jina la mtoto, mtoto mwenye pengo la meno ya mbele na maneno mengi.

Mwaka ule mvua zilikuwa nzuri. Tulihamia shambani kama ilivyo kawaida yetu watu wa bonde, nyumba ya kijijini tukaifunga, tukaenda kukaa kwenye dungu mpaka mpunga uvunwe. Dungu lile mume wangu Desideri alilijenga mwenyewe juu ya nguzo, na ngazi ya kupandia na paa la nyasi. Kresensia alikuwa anapiga debe kufukuza ndege kuliko mimi mama yake. Mimi nilikuwa na kichanga, Gaspari, hata kucheka hajaanza.

Asubuhi moja Kresensia aliamka na malengelenge pembeni ya mdomo, madogo madogo, yameshikana. Juu ya pale alipolala, kwenye nyasi za paa, kulikuwa na buibui ametulia. Mama mmoja wa shamba la pili akapanda ngazi, akamtazama mtoto, akatazama paa.

"Si huyo hapo," akasema. "Amemkojolea mtoto akiwa amelala."

Hakuna aliyebisha. Nani angebisha? Nyie wenyewe humu, mtoto akitokwa na vile mdomoni, mnasemaje? Si hivyo hivyo?

Tukatafuna mchele tukampaka. Mwili wake ulikuwa wa moto, wakasema hiyo ni sumu ya mkojo wa buibui inatembea, itatoka yenyewe. Waliosimama pale nawakumbuka mmoja mmoja, kwa majina yao na khanga walizovaa, lakini wengi wamelala na watoto wao wamo humu, basi niwaache. Kresensia akaniambia, "Mama, kichwa." Nikamwambia, "Nyamaza mwanangu, dawa inakauka."

Kesho yake ikamshika degedege. Desideri akamfunga mgongoni kwa khanga yangu, akaingia kwenye maji yaliyomfika kiunoni, akaenda naye Ifakara hospitali. Mimi nilibaki na kichanga. Waliporudi walikuwa watu wengi, na mume wangu hakuwa na kitu mgongoni.

Nikamuuliza, "Wamesema nini huko?"

Akasema, "Wamesema tumechelewa."

Nikasema, "Buibui yule." Hakunijibu.

Tulimzika Michenga, kando ya nyumba. Na mimi tangu hapo sikuweza kumwona buibui. Sisemi kuchukia tu. Nikimwona, mikono inakufa ganzi, pumzi haishuki, nasikia ile sauti ikisema "Mama, kichwa." Mimi ambaye tembo walipoingia shambani nilisimama na debe langu nikawafukuza pamoja na wanaume. Wanawake wenzangu walikuwa wananiambia, "Mama Kresensia, tembo hukumkimbia, huyu wa miguu minane ndiye anakutoa mbio?" Nami nacheka nao, nikifika nyumbani nalia.

Dungu sikupanda tena. Msimu wa kilimo ukija, Desideri alienda peke yake, baadaye na Gaspari na wadogo zake, mimi nabaki kijijini na mtoto mmoja wa kunishikia ufagio. Alipokuwa nyumbani, kila jioni alishika ufagio mrefu, akazunguka kuta zote, nyuma ya kabati, chini ya kitanda, kwenye mapaa. Vile vikaratasi vyeupe vya mayai yao, vinavyoganda ukutani, alivibandua kwa kisu kimoja kimoja. Hakunicheka hata mara moja. Akimaliza anakuja mlangoni anasema, "Mama Kresensia, ingia." Ndipo naingia. Alifanya hivyo akiwa kijana, akafanya akiwa mzee na mgongo umepinda. Nilidhani kila mume angefanya hivyo.

Basi Desideri akafariki. Mlikuja, mlinipikia, mlikesha nami, nawashukuru. Mlipoondoka nikabaki na kuta. Jioni ya kwanza nilisimama mlangoni na ule ufagio, nikaona mguu mmoja unatokeza nyuma ya picha ya Bikira Maria, nikashindwa kuingia. Nikalala barazani bila chandarua, maana kukitoa ndani kulinishinda. Nikawa nalala hivyo, mpaka malaria ikanilaza kabisa, Gaspari akaja kunichukua kunipeleka kwake Ifakara mjini.

Nyumba ya Gaspari ina dari na marumaru. Mkwe wangu ni mtu mwema. Lakini hata huko wapo, ndugu zangu, wako bafuni, wako nyuma ya pazia. Nilipiga kelele watoto wakaacha kula. Nilimfanya mkwe wangu ashushe mapazia yote. Siku moja nikakimbia kutoka bafuni nikaanguka, goti ndilo hili. Na mjukuu wangu wa kike akawa kila akiingia chumbani anaangalia kwanza juu, kama mimi. Hilo liliniuma kuliko goti.

Ndipo Gaspari akaniita tukakaa. Amenipa ruhusa niyaseme haya. Akaniambia, "Mama, ile nyumba ya Michenga inakaa bure. Mchwa wanakula milango. Kuna mtu anaitaka."

"Na baba yako? Na dada yako?"

"Makaburi yatabaki mama, tutakubaliana naye."

"Akitaka kuchimba choo pale?"

Gaspari akainamisha kichwa. "Sasa mama tufanyeje? Kama ungeweza kukaa, nisingesema neno. Unaweza kukaa?"

Tukaelewana kwamba mpunga ukishavunwa, kama sijarudi, atamwambia yule mtu aje.

Nikawa naenda zahanati kwa ajili ya goti. Siku moja kwenye foleni, pembeni yangu, alikaa binti amempakata mtoto. Mtoto ana malengelenge pembeni ya mdomo. Madogo madogo, yameshikana. Nikamshika yule binti mkono kwa nguvu, nikamwambia, "Mwanangu, mtoto wako amekojolewa na buibui. Rudi nyumbani ukamtafute umuue."

Nesi akanisikia. Ni binti mdogo, anaitwa Yustina. Akaja akachuchumaa mbele yangu. "Shikamoo bibi. Hapana bibi, buibui hakojolei watu. Hiyo ni homa. Mtoto akishikwa na homa kali, mdomo unatoka vile. Ngoja tumpime." Wakampima, ilikuwa malaria. Wakampa dawa palepale.

Nikamuuliza Yustina, "Kwa hiyo buibui?"

"Buibui hana habari, bibi."

Yeye alisema kwa upole tu, akaenda kuendelea na kazi zake. Hakujua amesema nini. Nilitoka nje nikakaa karibu na bomba la maji, nikashindwa hata kulia. Mwanangu alikuwa na malaria. Mwanangu aliniambia kichwa, na mimi nilikuwa nangoja mchele ukauke. Wakati ninamchukia buibui nilikuwa na mahali pa kuuweka ule msiba. Sasa sikuwa na mahali.

Nilipopata nguvu nikaenda Idete kwa wifi yangu Adelina, mdogo wake Desideri. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamweleza yote. Hakushangaa. Akaweka ungo chini, akafuta mikono.

"Wifi," akasema, "kaka alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba ni malaria. Daktari alimwambia siku ileile, mtoto bado yuko kitandani. Aliniambia mimi nilipokuwa namuuguza."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema, mke wangu ananyonyesha, acha amchukie buibui asije akajichukia mwenyewe. Akasema atakwambia Gaspari akiacha ziwa. Halafu akasema akianza shule. Halafu akaacha kusema."

Kwa hiyo zile jioni zote, mnaelewa? Mtu anazunguka kuta na ufagio, anabandua mayai kwa kisu, na anajua kwamba wadudu wale hawana kosa. Kisha anakuja mlangoni ananiambia niingie.

Nilimkasirikia. Siwafichi. Nilimkasirikia marehemu, nikawa nasali naliruka jina lake. Nilisema, ungeniambia ningejua. Pengine ningelia nikamaliza, ningepanda dungu na wewe, tungelima wote. Ulinihurumia ukaniacha na woga. Mpaka leo sijui kama alifanya vizuri. Padri nilimuuliza, akasema na yeye hajui. Nikampenda kwa kusema hivyo.

Hasira ilipopungua, Adelina ndiye aliyesema twende Michenga. Akaja kukaa na mimi. Na Yustina, nilipomweleza woga wangu, alinishauri nianze mchana, mlango wazi, buibui mmoja tu, na nikishindwa nitoke bila aibu. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti uani, natazama ukutani kupitia mlangoni. Nikashindwa, nikatoka mpaka barabarani, Adelina akanifuata na kiti, akakiweka barabarani, akaniambia, "Haya, kaa hapa, kutoka hapa si unamwona?" Nilicheka nikiwa nalia. Kesho yake tukarudi uani. Baadaye kizingitini. Baadaye ndani.

Yule wa ukutani ni bapa, ana rangi ya vumbi, amenyoosha miguu yake, hana haraka. Nilimtazama nikiwa nimeshika mkono wa Adelina mpaka ukamuuma. Mbu akatua karibu naye. Buibui akaruka, mbu hayupo. Adelina akanitazama, mimi nikamtazama. Nililia siku ile kilio ambacho nilitakiwa kukilia nikiwa msichana mwenye kichanga, na Adelina alinikalia karibu, hakunibembeleza, alinikalia tu karibu.

Sasa nakaa kwangu. Gaspari alikuja baada ya mavuno, akanikuta napika, akatengeneza milango, na yule mtu aliyeitaka nyumba akaambiwa atafute kwingine. Msidhani nimepona kabisa. Buibui akinidondokea kwenye nguo bado napiga kelele, na juzi nimempiga mmoja kwa kandambili kabla sijafikiri. Ila usiku nalala ndani, kwenye chandarua changu, wao wako ukutani. Nikimsikia Kresensia akisema "Mama, kichwa," sitafuti tena kitu cha kuua. Namjibu. Namwambia, nisamehe mwanangu, hatukujua.

Nawashukuru. Nakushukuru Adelina, umekaa hapo unajificha na mtandio, toa uso watu wakuone. Namshukuru nesi Yustina, hayupo, yuko kazini. Namshukuru mkwe wangu kwa mapazia. Gaspari, ulingoja, ungeweza kutongoja. Na Desideri namshukuru, na hasira yangu naishusha hapa mbele yenu.

Akina mama, na ninyi mabinti mlio na watoto mgongoni, sina elimu, nina neno moja. Mtoto akiwa na moto mwilini na mdomo umetoka malengelenge, usitazame juu kwenye paa. Mbebe uende naye zahanati. Mtu akikwambia ni buibui, mwambie sawa shangazi, tutaongea nikirudi.

Jumamosi ijayo zamu ya kupokea jumuiya ni yangu. Tangu Desideri afariki mmekuwa mkiniruka kwa huruma, msiniruke tena. Njooni Michenga. Tutasali ndani, na wanaotaka tutatoka kidogo ubavuni mwa nyumba, niwaonyeshe alipolala huyo mnayeniita kwa jina lake.