Unatafuta au Unapumzika? Kumuaga Sista Wilhelmina Luhaga

Tarehe 30 Juni 1999, saa tisa na nusu alasiri, Sista Wilhelmina Luhaga atafunga kabati la chumba cha sindano na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika Hospitali yetu ya Mwambao hapa Ilemela, na miaka hamsini na mitano ya umri wake. Ukimwona anavyopanda mawe ya kwenda nyumbani kwake utadhani amedanganya mojawapo.

Alianza mwaka 1968 akiwa muuguzi msaidizi wodi ya wazazi. Akaenda masomoni, akarudi mkunga kamili, na mwaka 1981 akapewa usimamizi wa chumba namba nne, yaani chumba cha sindano. Ana mkono mwepesi. Watoto wengi waliolia chumbani humo walilia kabla ya kuchomwa. Baada ya hapo walibaki wanashangaa tu.

Mwishoni mwa mwaka 1993 Daktari Rugemalira, bingwa wetu wa magonjwa ya wanawake, alianzisha tiba ya homoni kwa wanawake ambao mayai yao hayakomai. Biashara na nchi za nje ilikwisha kufunguliwa na dawa hizo zilianza kupatikana kwa kuagizwa Nairobi. Ni unga katika kichupa, unachanganywa na maji yake, na mgonjwa anachomwa kila siku kwa siku kumi hivi. Dawa yenyewe inataka ubaridi, na mwaka uliofuata umeme ukawa wa mgawo. Sista akaenda kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kuomba barafu, wakampa. Kwa miezi kadhaa dawa ya thamani kuliko zote hospitalini ilikaa kwenye ndoo inayonuka samaki, na aliyelalamika aliambiwa na Sista kwamba yai halina pua.

Kila mtu aliyepita hospitalini kwetu anajua swali lake. Mwanamke akiingia chumba namba nne, hata kama ana kadi, barua na cheti, Sista humwuliza kwanza: unatafuta au unapumzika? Anayetafuta mtoto ana sindano yake. Anayepumzika kuzaa ana yake. Wauguzi vijana wamemtania sana kwa swali hilo. Mwanamume mmoja aliyemsindikiza mkewe aliulizwa kwa bahati mbaya, akajibu kuwa anatafuta kiti. Lakini wengi wanaocheka hawajui swali lilitoka wapi, na Sista hajawahi kueleza. Leo naeleza mimi.

Machi 1994 alikuja Bernadeta, mke wa Venant, kutoka Nansio, kisiwani ng'ambo ya ziwa. Alikuwa na miaka thelathini na minane na hajawahi kushika mimba. Ukoo wa Venant ulikuwa umempa mwaka huo tu. Krismasi ikifika hana kitu, mume ataoa mwingine. Daktari alimwona Nansio kwenye kliniki yake ya kila mwezi, akamwambia avuke siku ya tatu ya hedhi aje aanze sindano. Siku aliyofika, daktari alikuwa safarini Dar es Salaam na barua yake ilikuwa bado kwenye bahasha masijala.

Kadi ya Bernadeta iliandikwa mapokezi: sindano ya uzazi. Hayo tu. Kwa miaka yote hospitalini kwetu maneno hayo yalikuwa na maana moja, uzazi wa mpango. Sista alisoma kadi, akamchoma sindano ya miezi mitatu, ile ya kuzuia. Bernadeta akashukuru, akaenda kulala kwa dada yake Kirumba. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye benchi, amekuja kwa sindano ya pili kati ya kumi.

Dawa ikishaingia mwilini haitoki kwa kuombwa. Sindano ile inaweza kuchelewesha mimba karibu mwaka mzima. Mkubwa mmoja wa wakati huo alishauri Bernadeta aambiwe kwamba mwili wake unapaswa kupumzishwa kwanza kabla ya tiba. Sista alitoka nje, akaketi benchi moja na Bernadeta, akamwambia kwamba amemchoma dawa ya kuzuia mtoto na kwamba kosa ni lake. Jumapili iliyofuata alipanda meli kwenda Nansio kwa nauli yake. Akakaa kwenye mkeka mbele ya Venant na mama yake, akasema tena yale yale, kisha akaomba mwaka huo usihesabiwe.

 Mama mkwe akasema tangu azaliwe hajaona mtu wa hospitali anavuka maji kuja kusema amekosea, basi hautahesabiwa.

Mwaka 1995 Bernadeta alianza tiba. Mzunguko wa kwanza haukushika, wa pili haukushika, wa tatu haukushika. Wanawake wengine wamezaa kwa tiba hiyo, watoto ishirini na watatu hadi mwezi uliopita, na Sista amewashika wote. Bernadeta hakupata. Venant hakuoa mwingine. Kama mwaka ule mmoja ungebadili kitu, daktari anasema hakuna ajuaye, na Sista hajawahi kujifariji kwa jibu hilo. Nimemwona akimaliza kumpokea mtoto wa mwenzake na Bernadeta, anakwenda kunawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Kwa kosa hilo kamati ya hospitali ilimwondoa kwenye usimamizi wa chumba kwa mwaka mzima. Alikunja pamba chini ya muuguzi ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na hakuna siku aliyochelewa kazini.

Sasa nifike kwenye kadi. Niliyekuwa mapokezi asubuhi ile ni mimi, nina miezi miwili kazini, bado niko kwenye majaribio. Bernadeta aliona aibu kwa sababu ya watu, akainama akaninong'oneza: sindano ya kupata uzazi. Foleni ilikuwa ndefu. Neno moja niliona halina kazi, nikaliacha. Mbele ya kamati Sista aliulizwa nani aliandika kadi, akajibu kuwa anayeshika sindano ndiye anayetakiwa kuuliza. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikiandika muhtasari, na jibu hilo niliandika kwa mkono wangu. Nikanyamaza miaka mitano. Niliona haya wakati ule na naona haya hadi leo.

Sista alitufundisha kwamba mgonjwa ndiye anayeambiwa kwanza, kwa hiyo kabla ya kuandika ukurasa huu nilikwenda Nansio. Nilimwambia Bernadeta kila kitu. Alinisikiliza akichambua mchicha, halafu akasema alijua siku zote, kwani sikio alilolinong'oneza lilikuwa langu. Alikuwa ananisubiri nije.

Baada ya hapo nilikwenda kwa Sista. Yeye alisema tu kwamba nimechelewa, akaniwekea chai.

Sista anahamia shambani kwake Sengerema, ambako ana mihogo, ng'ombe wawili na wajukuu wasiomwogopa hata kidogo. Hospitali inampa shukrani zake, na mimi nampa zangu, ambazo ni nzito zaidi. Bernadeta atakuja kwenye sherehe kwa meli ya asubuhi. Amesema atamngoja Sista mlangoni mwa chumba namba nne, ana swali moja la kumwuliza. Sisi sote tunalijua swali lenyewe, na tunamtakia Sista siku nyingi za afya njema, ili akiulizwa aweze kujibu, bila deni kwa mtu yeyote, kwamba sasa anapumzika.

Teodora Ngosha
Mapokezi