Mbwa wa Nyumba Nne

Siku hiyo mchana Kufuli alifika kijiweni mkono wa kulia umefungwa bendeji nene kama mkate, na benchi zima likamgeukia. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la kinyozi, hatua tatu tu kutoka kibanda ambamo Kufuli huchonga funguo. Hapo hukaa watu walewale siku zote. Yupo Breki, aliyeendesha lori miaka thelathini na sasa anaendesha mdomo. Yupo Kamusi, karani mstaafu wa mahakama, ambaye ukimuuliza saa ngapi atakueleza kwanza saa ni nini. Yupo Wembe, kinyozi mwenyewe, ambaye hukaa mlangoni na mkasi mkononi ili mteja akitokea amkute kama yuko kazini. Kahawa ni ya Mama Birika, na ulimi wake ni mchungu kuliko hiyo kahawa.

— Haya, nani kakung'ata? Breki akauliza. Shemeji?

— Mbwa.

— Yupi? Bibi hana meno, Koti hana akili.

— Yule mgeni.

Wote wakachungulia ndani ya vikombe vyao. Mgeni huyo walimjua vizuri mno. Alikuwa mbwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limesimama na jingine limelala, aliyeachwa na nesi mmoja mstaafu alipohamia kwa binti yake, ghorofa ya nne, mahali pasiporuhusiwa hata paka. Breki alimchukua kwa mbwembwe, akakaa naye siku kumi na mbili. Wembe akampokea, wiki tatu. Kamusi alimpokea kwa hotuba na kumrudisha kwa hotuba ndefu zaidi. Kisha, siku tisa zilizopita, wote watatu wakamgeukia Kufuli, kwa kuwa Kufuli hajui kusema hapana, na kwa kuwa tayari alikuwa na mbwa wawili, Bibi na Koti. Walimwambia kwamba wa tatu hata hatamwona.

— Jumamosi nimemwita bwana mifugo, Kufuli akasema. Anakuja na sindano.

— Ya chanjo?

— Siyo ya chanjo.

Mama Birika akaacha kumimina.

— Unamuua, baba?

— Nifanye nini, mama? Mkono ndio huu. Zahanati wamenidunga mara mbili, na tangu jana sijachonga ufunguo hata mmoja. Shemeji yenu kasema nifanye ninavyoona, ila Jumamosi yeye hatakuwepo nyumbani. Hajaniongezea neno.

— Ngoja, ngoja, Breki akainua kiganja kama anasimamisha magari. Ulifanya nilivyokwambia?

— Nilifanya.

— Uliwawekea chakula sufuria moja?

— Sufuria moja, katikati ya ua. Nikasimama pembeni nasubiri undugu uanze.

— Na?

— Haukuanza. Bibi kazoea kula wa kwanza, akatia kichwa. Mgeni akatia kichwa. Koti akaona nafasi ya kichwa imeisha, akatia mwili mzima. Ndipo na mimi nikatia mkono.

— Sasa mkono nani alikwambia utie?

— Wewe. Ulisema mwenye nyumba aonyeshe kwamba chakula ni chake.

— Nilisema uwaonyeshe, Kufuli! Sikusema uwaonjeshe!

Benchi likalipuka kwa kicheko. Kufuli naye alitaka kucheka, lakini kidole gumba kilikuwa kinapwita ndani ya bendeji, na kila kikipwita alimwona tena yule mbwa. Alipokwisha kuuma hakukimbia, wala hakurudia. Alirudi kinyumenyume hadi nyuma ya tangi la maji, akajikunja pale, akatetemeka kama yeye ndiye aliyeng'atwa. Jambo hilo Kufuli hakulisema. Kijiweni ukisema kitu kama hicho utataniwa nacho mwaka mzima.

— Tatizo lenu, Kamusi akasema baada ya kusafisha koo, ni kudharau utaratibu. Mbwa ni viumbe wa ngazi. Lazima awepo mkuu, awepo msaidizi wa mkuu, na wawepo wananchi wa kawaida. Je, mgeni alitambulishwa rasmi?

— Si ulinituma mwenyewe? Niliwakalisha wote watatu sebuleni, wakatazamana. Nikawatangazia nani mkubwa.

— Wakasemaje?

— Koti akakojolea kochi.

— Kura yake hiyo, Wembe akasema. Kapinga.

— Nawe unyamaze! Kufuli akamgeukia. Wewe na sabuni yako!

— Sabuni imefanya nini tena? Mimi nilikueleza jambo la kitaalamu. Mbwa hajui sura, anajua harufu. Ukiwaogesha wote kwa sabuni moja, ukawapaka mafuta mamoja, kila mmoja anamnusa mwenzake anadhani anajinusa mwenyewe. Utajigombezaje?

— Niliwaogesha. Nikawapaka yale mafuta yako ya nywele, kopo zima. Sasa hata Bibi na Koti hawajuani! Miaka sita wamelala gunia moja, juzi wananguruma kama watu wamegombania siti.

— Labda hukuwasugua vizuri mgongoni.

— Wembe, Mama Birika akasema, wewe mteja ukimkata sikio unasema labda hakuwa amekaa vizuri.

Breki hakuwa mtu wa kukubali mazungumzo yampite. Alisogea mbele ya benchi hadi ubao ukalia.

— Sikilizeni. Mimi na utingo wangu wa kwanza tulikuwa hatusemezani. Miezi minne, lori moja, hakuna salamu. Siku hiyo tumebeba saruji, tunashuka mlima, breki zikagoma. Jamani! Tulishikana mikono mpaka chini. Tangu hapo, ndugu wa damu. Kwa hiyo mbwa hawataki sabuni, wanataka hofu. Tafuta lori, wapakie wote watatu nyuma, wapeleke kwenye mteremko.

— Na breki?

— Unazilegeza kidogo.

— Kwani siku ile lori lilisimamaje? Mama Birika akauliza.

— Lilisimama.

— Lilisimama ndani ya duka la magodoro. Mwenye duka bado yupo, muulizeni.

— Hayo ni ya barabarani, Kamusi akaingilia. Mimi nasema Kufuli hajathibitisha mamlaka. Inampasa ashuke kwenye ngazi yao. Apige magoti uani, ale kwanza yeye kutoka bakuli lao, mbele yao, polepole, huku akiwatazama machoni.

— Ale chakula cha mbwa?

— Kijiko kimoja kinatosha. Ni ishara.

— Na angurume, Breki akaongeza. Bila kunguruma wanaona njaa tu.

— Mimi ningewanyoa, Wembe akasema kwa utulivu wa mtu aliyepata jibu. Wote watatu, kipara. Hapo nani mwenyeji, nani mgeni? Hakuna. Na kama hujaamini, unyoe na wewe.

Kufuli aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kilichomwuma zaidi, kuliko hata kidole, ni kwamba kwa siku tisa alikuwa akiyabeba maneno ya aina hii kutoka benchi hili hadi nyumbani kwake, kwa uangalifu, kama mtu abebaye mayai. Hata la kunguruma alilijaribu, siku ya tano, mlango wa ua ukiwa umefungwa. Bibi alimtazama kwa huruma, akaenda kulala.

— Kwa ushauri huu, Mama Birika akasema, heri mbwa abaki na nyie ndio mtafutiwe pa kwenda.

Wakati huo dada mmoja mgeni alikuwa amesimama ukingoni mwa benchi, viatu vya mpira miguuni, daftari kubwa kwapani. Alikuwa msoma mita za maji, amehamishiwa mtaa huu wiki hiyohiyo. Aliomba kahawa, akapewa, akanywa akiwa wima.

— Samahani wazee wangu, akasema. Mbwa mnayemzungumza ni yule anayekaa nyuma ya tangi, nyumba ya geti la kijani?

— Huyohuyo, Kufuli akajibu. Amekufanya nini?

— Hajanifanya kitu. Nimetoka kusoma mita pale sasa hivi, na mita iko nyuma ya tangi hilo. Alinitazama tu, nikapita. Nilitaka kumwita, nikakumbuka simjui jina. Anaitwa nani?

— Jenerali, Breki akasema.

— Bosi, Wembe akasema, papo hapo.

Wakatazamana.

— Kwangu, Kamusi akasema, aliandikishwa kama Mwadilifu.

Dada wa mita akamgeukia Kufuli. Kufuli akaona uso wake unapata joto.

— Mimi bado. Huwa namwambia tu "toka hapo."

— Na aliyekuwa naye mwanzo kabisa, yeye alikuwa akimwitaje?

Breki alimtazama Wembe. Wembe akamtazama Kamusi. Kamusi, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, hakuwa na maelezo. Siku ya kumwacha mbwa, nesi alikuwa amesimama palepale kijiweni, kamba mkononi, macho mekundu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwuliza.

— Basi kati ya hayo majina yenu, dada akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, yeye anaitikia lipi?

Mtu wa baiskeli akapita, akasalimu, hakuitikiwa. Dada akamaliza kahawa yake, akamrudishia Mama Birika kikombe, akashukuru, akaenda kwenye mita inayofuata.

Kufuli akainuka. Alifunga kibanda kwa mkono wa kushoto, akaenda nyumbani saa ambayo kwa kawaida huwa bado yuko kazini.

Mkewe ni mwokaji. Hutoka kazini saa sita mchana, na Kufuli siku zote humkuta jioni. Aliingia kwa mlango wa pembeni, na alipofika kwenye kona ya ua akasimama, kwa sababu mkewe alikuwa na bakuli tatu. Moja aliiweka mlangoni pa jikoni, kwa Bibi. Moja aliipeleka mbali, ukutani, kwa Koti, akamwambia akae, naye Koti, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumtii Kufuli, akakaa. Ya tatu aliishika mwenyewe, akachuchumaa hatua kadhaa kutoka kwenye tangi, ubavu wake ukiwa umeelekea tangi.

— Karibu, bwana, akasema taratibu. Karibu.

Sikio lililosimama likatokea kwanza. Kisha pua. Mbwa akatoka, akatembea hadi kwenye bakuli, akala. Mkewe hakumgusa, wala hakumtazama.

Kufuli alingoja mpaka amalize.

— Tangu lini hivi?

— Siku ya pili, mkewe akasema bila kushtuka. Wewe ukishakwenda kijiweni kusomea ufugaji.

— Mbona hukuniambia?

— Ulikuwa na walimu.

Kufuli akakaa kwenye ngazi ya jikoni.

— Na alfajiri unapotoka kwa dakika chache kabla ya kwenda kazini?

— Nawatembeza. Wote watatu, nje, barabarani. Humu ndani Koti anajiona mwenye nyumba. Kule nje wote ni wapita njia. Walishaanza kunusana bila maneno. Juzi Bibi alimwachia nafasi kwenye kivuli. Ndipo jana ukaja na lile sufuria lako, ukanibomolea wiki nzima kwa mlo mmoja.

Hakuinua sauti. Afadhali angeinua.

— Na Jumamosi ungeniacha tu nifanye?

— Nilikwambia sitakuwepo. Ningeondoka naye.

Kufuli alitoa simu kwa mkono wa kushoto, akabonyeza kwa shida, akamwambia bwana mifugo aje Jumamosi kama walivyopatana, lakini aje na chanjo, ya mbwa watatu.

Haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa. Wiki iliyofuata Koti na mgeni walikwaruzana mara mbili, mara moja kwa sababu ya kiatu cha Kufuli, na kiatu ndicho kilichoumia. Kufuli alikatazwa na mkewe kuwatembeza hadi bendeji itoke, kisha akaruhusiwa, akiwa nyuma. Aligundua kwamba akinyamaza mambo yanakwenda vizuri zaidi. Kijiweni alirudi, akanywa kahawa yake, na kila alipoulizwa habari za mbwa alijibu, "Yupo," akabadilisha mazungumzo. Jina hakumpa, kwa kuwa mbwa alikuwa amekwisha kulichagua mwenyewe: neno lile moja ambalo aliambiwa kila siku, kwa sauti ileile, na mtu yuleyule.

Kazi ikawa kwa wageni, kila walipokaribishwa. Mwezi ulipokwisha, Breki hakuweza kuvumilia tena. Jumapili asubuhi aliwakusanya Wembe na Kamusi, wakaenda kuona kwa macho yao ni ushauri wa nani uliofanya kazi.

— Hodi! Breki akaita getini.

— Karibu! mke wa Kufuli akaitikia kutoka jikoni.

Mbwa wa rangi ya vumbi akachomoka kati ya Bibi na Koti pale gunia lilipotandikwa, mkia juu, akakata ua mbio hadi getini. Hapo akawaona. Akasimama. Alimnusa Breki kupitia kwenye nondo, akamnusa Wembe, akamnusa Kamusi, bila haraka, kila mmoja kwa zamu yake. Kisha mkia ukashuka, akageuka, akarudi alikotoka. Koti alinguruma kidogo kwa mazoea, akasogea. Mbwa akajilaza katikati yao, akawapa wageni mgongo.

— Ona, Breki akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. Hata hanikumbuki.

— Anakukumbuka sana, Kufuli akasema, akaja kuwafungulia geti.